Msinizike Hyttbro

Anneli Kangas alifariki Jumanne moja ya Novemba, saa tano na kitu asubuhi, katika chumba cha kufulia kilicho chini ya jengo lao, akiwa anatoa mashuka kwenye mashine. Moyo ulisimama, basi. Jirani aliyekuwa na zamu ya kufua baada yake ndiye aliyemkuta, amelala ubavu juu ya sakafu ya saruji, mkononi ameshika shuka ambalo lilikuwa bado linachuruzika maji.

Wakati huo mumewe, Torgny Malm, alikuwa juu ya ngazi katika ukumbi wa michezo wa shule, anakaza bawaba ya mlango wa stoo. Huo ulikuwa mwaka wake wa kumi na tisa akitunza majengo ya shule ile. Simu ilipolia aliipokea kwa mkono wa kushoto, akasikiliza, akasema, "Sawa," akairudisha mfukoni. Zilikuwa zimebaki skrubu mbili. Akazikaza zote mbili. Akaujaribu mlango, ukafunga vizuri. Ndipo akashuka, akakunja ngazi, akaenda kumwambia mwalimu mkuu kwamba leo atatoka mapema.

Baadaye jambo hilo ndilo alilolikumbuka kuliko mengine yote: zile skrubu mbili. Hakulikumbuka kwa uchungu. Alilikumbuka tu, kama mtu anavyokumbuka namba ya nyumba aliyowahi kupanga zamani.

Binti yao, Tuva, alikuja kwa treni kutoka Göteborg jioni hiyohiyo, macho yamevimba. Alimkuta baba yake jikoni anakula mkate wa shayiri kwa jibini, redio imewashwa.

"Baba."

"Umeshakula?"

"Baba, jamani."

"Jibini limo kwenye friji," alisema Torgny. Akainuka akamkumbatia mwanawe, kwa sababu alijua kwamba hapo ndipo mtu hukumbatia, akahesabu moyoni mpaka ishirini, akamwachia.

Siku ya tatu walikwenda pamoja kwenye ofisi ya mazishi. Aliyewapokea alikuwa msichana mwembamba aitwaye Moa, pua imetobolewa, suti imemzidi mabega. Aliuliza maswali yake taratibu, moja baada ya jingine: jeneza la namna gani, maua, siku gani, kahawa baada ya ibada itakuwa ya watu wangapi. Torgny alijibu kila swali. Tuva ndiye aliyekuwa akipenga kamasi.

"Na muziki?" Moa akauliza. "Familia nyingi siku hizi huchagua wimbo ambao marehemu..." Hapo akakwama. Akamtazama Torgny, akatazama jina kwenye karatasi, na wekundu ukampanda kutoka kwenye kola mpaka masikioni. "Mungu wangu. Ni wewe. Samahani. Samahani sana. Baba yangu ana..." Akajigusa kifuani kuonyesha mahali ambapo baba yake alichorwa tatuu. "Wimbo wenu wote. Maneno yote."

"Lazima ana kifua kipana," Torgny akasema.

Nchi nzima ilimjua Torgny, ingawa wachache wangemtambua njiani. Mwaka 1979, akiwa na miaka kumi na saba na chunusi shingoni, yeye na Anneli na mwenzao Roine Ek walianzisha bendi ya panki wakaiita Rostvakt, yaani mlinzi wa kutu, kwa kuwa Hyttbro ulikuwa mji wa kiwanda cha chuma na wao hawakuona kitu kingine cha kulinda. Torgny aliimba na kupiga gitaa. Roine alipiga gitaa la besi lenye nyuzi tatu, kwa sababu wa nne ulikatika na hakuona tofauti. Anneli alipiga dramu. Alikuwa mtoto wa Wafini waliokuja kufanya kazi kwenye tanuri, na shuleni watoto walimwita majina mpaka siku alipokamata fimbo za dramu; baada ya hapo hakuna aliyethubutu.

Walitoa santuri nne, lakini ilitosha ile ya kwanza. Wimbo wenyewe ulikuwa wa dakika mbili na ushei, na kiitikio chake kilikuwa hiki:

*Nitupeni ziwani, nitupeni jalalani,*
*msinizike Hyttbro!*

Kabla yao vijana wa miji midogo waliimba kwa Kiingereza cha kuungaunga, utafikiri hasira haipatikani kwa lugha ya mama zao. Torgny aliimba kwa lafudhi ya Hyttbro, ile inayomeza miisho ya maneno, ambayo watu wa mji mkuu waliiigiza ili kuchekesha wenzao. Ndani ya mwaka mmoja kulikuwa na bendi za namna hiyo kutoka kusini mpaka kwenye miji ya migodi ya kaskazini, kila moja inatukana kwao kwa lafudhi ya kwao.

Hyttbro wenyewe hawakufurahi. Mama yake Torgny alipokuwa akienda dukani, wanawake waligeuza mikokoteni yao wakapitia njia nyingine. Na mwaka 1981 Rostvakt na vijana wengine sitini walipoliteka jengo la zamani la mabafu ya mji ili wapate mahali pa kupigia muziki, wakakaa humo siku kumi na moja bila umeme, kuna wazazi waliosimama nje wakiwaambia polisi waingie na mbwa. Siku ya nne, ambayo ilikuwa Alhamisi, baba yake Anneli, mzee Eino Kangas, aliyekuwa hajasema na binti yake tangu santuri itoke, alitoka zamu ya tanuri akaja na sufuria kubwa ya supu ya njegere, chakula cha kila Alhamisi nchini humo. Akaipitisha dirishani. Akaondoka. Mwishowe halmashauri ilisalimu amri, ikawapa vijana chumba cha boila kiwe chao, na kwa miaka kumi iliyofuata mji wa watu elfu tisa ukatoa bendi arobaini. Miji mingine ikaiga. Wapo wanamuziki wakubwa leo, na wabunge wawili watatu, waliojifunza kusimama mbele za watu katika vyumba vya namna ile.

Hayo yote Torgny alikwisha kuyasimulia kwa waandishi wa habari mara nyingi mno. Sasa akiyasikia aliona kama habari za ukoo mwingine.

"Kuna jambo moja, nilipaswa kuanza nalo," Moa akasema. Alifungua droo, akatoa bahasha. "Mke wako alikuja hapa miaka miwili iliyopita, mwezi wa nne. Alijaza fomu ya matakwa yake. Watu wengi huja. Aliomba tuitunze."

Tuva akamtazama baba yake. "Ulijua?"

"Hapana."

Fomu ilijazwa kwa kalamu ya buluu, kwa mwandiko wa Anneli ulioegemea nyuma kana kwamba unapigwa na upepo. Jeneza la mti wa mbetula, lisipakwe rangi. Asichomwe. Azikwe katika makaburi ya Hyttbro, safu ile aliyolala baba yake, katika kaburi la watu wawili. Kinanda cha kanisa kipigwe, nyimbo zozote zinazomfaa mpigaji. Na chini kabisa, mahali palipoandikwa "Mengineyo", aliandika: *Torgny asisumbuliwe eti aimbe.*

Torgny alisoma, akasoma tena. Kiangazi kile cha 1979, juu ya paa la mabafu, yeye na Anneli waliapizana kwamba hakuna hata mmoja wao atakayelala kwenye udongo wa mji huu. Walitemeana mate viganjani, wakashikana mikono. Walicheka, lakini waliapa. Naye ameuimba wimbo ule miaka arobaini na nne akijua kwamba angalau mtu mmoja duniani anaumaanisha pamoja naye.

Alingoja kitu kimpate. Hasira, au hata aibu. Alikaa kwenye kile kiti chenye mto wa kijivu akangoja, kama mtu anavyongoja kupiga chafya. Haikuja.

"Watu wawili," Tuva akasema polepole. "Amekuwekea nafasi, baba."

"Naona."

"Tufuate fomu?" Moa akauliza.

"Ndiyo mkono wake," Torgny akasema. "Fuateni."

Mazishi yalikuwa katikati ya Desemba. Ardhi ilikuwa imeganda, wachimbaji wakaiyeyusha kwa mashine ya joto siku mbili kabla ya kuichimba. Kanisa lilijaa. Upande wa kushoto walikaa mapanki wa zamani waliokuja kutoka kila pembe ya nchi, watu wa miaka sitini wenye makoti ya ngozi yaliyonuka stoo, vishikizo havifiki tena kwenye vitundu. Upande wa kulia walikaa mashabiki wa timu ya mji ya magongo ya barafuni, skafu za kijani na nyeupe shingoni, kwa sababu Anneli alikuwa akikaa nao jukwaani kila majira ya baridi. Mchungaji alikuwa mwanamke wa miaka hamsini hivi, Ylva Norling, sauti nzito, anaongea bila haraka. Watu walipita mmoja mmoja mbele ya jeneza, kila mtu anaacha ua. Ilipofika zamu ya Torgny aliweka waridi lake, akagundua kwamba mtu ameshalitoa miiba yote, na akili yake ikabaki hapo: nani anayekaa akitoa miiba, ana kisu cha namna gani?

Kaburini alimtazama Tuva akilia, akamshika bega. Koti lake lilikuwa jembamba mno kwa baridi ile. Alimwambia hivyo.

Katika ukumbi wa kanisa kulikuwa na kahawa na ile keki ya mikate iliyopangwa kwa tabaka, juu imepambwa kwa mayai, matango na uduvi. Mchungaji Ylva alikuja akaketi karibu na Torgny, sahani gotini.

"Naweza kukuambia kitu? Ukichoka niambie ninyamaze."

"Sema tu."

"Nilikuwa na miaka kumi na tatu. Nilikuwa na kigugumizi kibaya, hata jina langu lilinishinda. Dada yangu alikuwa na kaseti yenu. Nikaisikia, nikashangaa. Nikasema, huyu mtu anaimba kwa lafudhi ya kwetu, anaimba vibaya kabisa, na wala haoni haya. Kama yeye anaweza kufungua mdomo, na mimi naweza."

"Vibaya kabisa?"

"Vibaya sana, Torgny."

Kidogo atabasamu. Misuli ya shavu ilianza kazi, kisha ikaacha.

"Sihisi kitu," akamwambia. Hakujua kama angelisema, lilitoka. "Mwezi mzima sasa. Nakula, nalala vizuri, naenda kazini. Watoto wamevunja vioo viwili, nimevibadilisha. Tuva analia, mimi namtazama kama namtazama mtu kwenye televisheni. Kuna kitu kimeharibika?"

Mchungaji alitafuna kwanza, akameza. "Sijui," akasema. "Ningekuwa mchungaji wa kwenye televisheni ningejua." Akamgusa mkono, akaondoka kwenda kumsaidia bibi mmoja aliyekuwa anahangaika na koti.

Kiti chake hakikupoa. Roine Ek alikikalia papo hapo, mkubwa, anahema, tai imelegezwa. Siku hizi alikuwa diwani na mwenyekiti wa klabu ya magongo, lakini sauti ilikuwa ileile ya kijana aliyekuwa akipiga besi ya nyuzi tatu.

"Totte, ndugu yangu," akasema, kwa jina lile la ujanani. "Nina ombi, na najua ni ombi la kijinga, kwa hiyo nitalisema haraka."

"Lazima liwe la kijinga. Limetoka kwako."

"Siku ya pili ya Krismasi tuna mechi, nyumbani. Watu elfu tatu. Tutakuwa na dakika ya kimya kwa ajili ya Anneli, halafu tunataka uimbe. Kile kiitikio tu. Najua aliandika usisumbuliwe, Tuva ameniambia. Basi sikusumbui, nakuuliza."

"Waimbe wenyewe. Si wanauimba kila mechi? Wamezoea kuukosea."

Hilo lilikuwa donda la zamani. Kwa miaka thelathini sasa jukwaa la Hyttbro limekuwa likiimba kiitikio kile likiwa limedondosha silabi moja. Badala ya "msinizike" wanaimba "mnizike". *Mnizike Hyttbro!* Wimbo wa kuukana mji ukawa wimbo wa kuulilia, ukachapishwa kwenye skafu na vikombe, na halmashauri ikauweka kwenye bango pale unapoingilia mji. Mahali ilipokuwa ile "si" waliacha pengo, pumzi moja, halafu wakaendelea. Torgny alikwisha kuwaita walevi, mabubu na mbumbumbu, tena gazetini.

Roine alikoroga kahawa yake isiyo na sukari.

"Hawakuukosea, Totte," akasema mwishowe.

"Wameukosea tangu tisini na nne."

"Tisini na nne ulikuwa wapi?"

"Stockholm."

"Enhee. Na ile bendi yako ya wasomi, yenye mtu wa kinubi. Basi mimi nilikuwa hapa. Ijumaa wametangaza kiwanda kinafungwa, watu mia saba hawana kazi. Jumapili kuna mechi. Watu wamekuja uwanjani kwa kuwa hawajui waende wapi. Nakwambia, jukwaa zima, na huwezi kusikia mtu akikohoa. Baba yake Anneli alikuwepo, mzee Eino, miaka thelathini na moja kwenye tanuri, amekaa hivi." Roine aliinamisha kichwa, mikono katikati ya magoti. "Anneli alikuwa amekuja na dramu moja ndogo. Akaanza kupiga wimbo wetu. Watu wakaanza kuimba kidogokidogo, ndio wimbo tunaoujua. Lakini tulipokaribia kiitikio nikaona, loo, hatuwezi. Utaimbaje 'msinizike hapa' mbele ya watu ambao wiki ijayo wanafungasha kwenda kutafuta kazi kwa watu? Na yeye akaliona. Akatugeukia, fimbo juu, na pale penye 'si' akaruka pigo. Hakupiga. Alituacha hewani. Sisi tukaanguka humo humo. Mara ya pili jukwaa zima lilikuwa limeshaelewa. Mzee Eino aliimba, Totte! Mtu ambaye hata kanisani alikuwa anatikisa midomo tu."

Torgny alitazama sahani yake. Uduvi mmoja alikuwa amebaki ukingoni, mweupe, amejikunja.

"Mbona hakuniambia?"

"Angekuambiaje? Uliporudi ulikuwa umeshaandika kwamba sisi ni walevi tusioweza kukumbuka maneno mawili. Nilimuuliza mimi mwenyewe. Akasema, 'Mwache, anaupenda wimbo wake.'"

Pale mezani mtu aliomba maziwa. Torgny akampitishia.

"Saa ngapi?" akauliza.

"Nini saa ngapi?"

"Mechi, bwana."

"Saa saba na robo."

"Nitakuja," Torgny akasema, kwa sauti ileile ambayo angemwambia mtu kwamba atakuja kutazama bomba linalovuja.

Siku ya pili ya Krismasi jua lilitoka, jembamba na la manjano, na kipimajoto kilionyesha digrii kumi na nne chini ya sifuri. Waliweka zulia jekundu juu ya barafu, na mwishoni mwa zulia maikrofoni. Torgny alivaa viatu vyake vya mazishi kwa sababu Tuva alisema vile vya kazini vinaaibisha. Wachezaji wa timu zote mbili walijipanga mstari, wanapumua moshi. Mtangazaji alisoma jina la Anneli, mwaka aliozaliwa na mwaka aliofariki.

Kisha kimya. Watu elfu tatu na hakuna aliyechezesha mguu. Kilichosikika ni kamba ya bendera ikigonga mlingoti, tik, tik, tik. Torgny akaisikiliza mpaka mwisho.

Katika jukwaa la upande wa kiwanda alisimama msichana mwenye kofia ya sufi, dramu imening'inia tumboni. Hakumjua. Msichana alimtazama, akainua fimbo, akaanza. Torgny aliutambua mkono ule mara moja. Ulikuwa wa Anneli, ile tabia ya kuchelewa kidogo kwenye pigo la nne kama mtu anayefungua mlango kwa goti. Kumbe alifundisha watu. Alifundisha watu kule jukwaani miaka yote, siku zile yeye alizokuwa akibaki nyumbani kwa hasira.

Ulifika ubeti. Torgny akafungua mdomo, na hakuna kilichotoka. Hakuwa na kwikwi kooni wala machozi. Sauti haikuwepo tu, kama maji yanavyokatika. Alisimama mdomo wazi. Jukwaa halikumngoja. Liliuchukua ubeti likauimba lenyewe, wazee kwa vijana, kwa lafudhi inayomeza miisho ya maneno, mpaka barafu ikawa inatetemeka chini ya zulia.

*Nitupeni ziwani, nitupeni jalalani,*
*m...*

Hapo likaja pengo. Alikuwa amelichukia pengo lile miaka thelathini na hakuwahi kusimama ndani yake. Fimbo ya msichana ilikuwa juu. Watu elfu tatu walivuta pumzi kwa pamoja. Na katika ule ukimya, kwa mazoea ya miaka arobaini na nne, bila yeye kutaka, mdomo wa Torgny ukatoa ile iliyokosekana.

"Si!"

Ilitoka peke yake, kavu, kwenye spika zote za uwanja, ikagonga ukuta wa kiwanda kilichokufa, ikarudi. *Si.*

*...nizike Hyttbro!* jukwaa likamalizia, lakini nusu yao walikuwa wameshaanza kucheka. Kicheko kilianzia kwa mama mmoja mnene mstari wa mbele, kikapanda juu, kikavuka upande wa pili kwa wageni. Hata golikipa alijishika mbavu. Haikuwa dhihaka. Walicheka kama watu wanavyomcheka mjomba aliyelala mezani akaamka akijibu swali la jana. Torgny alisimama katikati, mikono imening'inia, anawatazama.

Msichana hakuacha kupiga. Aliuzungusha wimbo, akaurudisha kwenye kiitikio, na safari hii kila mtu alikuwa tayari. Neno "jalalani" likapita. Likaja pengo, nao wakalipanua. Walingoja. Nyuso zote zilimgeukia, nyekundu kwa baridi, zinatabasamu, zinampa nafasi aitie silabi yake kama anataka. Roine kule pembeni alikuwa ameweka kofia kifuani. Lilikuwa pengo refu kuliko muziki unavyoruhusu. Torgny alilisikiliza. Akafunga mdomo, akatikisa kichwa mara moja tu, kumwambia yule msichana aendelee.

*...nizike Hyttbro!*

Wakaimba mara tatu zaidi. Yeye hakuimba. Baadaye mtu alimtoa kwenye barafu, mtu mwingine akampa kahawa, wazee wawili wakampiga mgongoni, na mpira ukaanza. Alikaa kwenye benchi karibu na Roine mpaka mapumziko, akiutazama ule mpira mwekundu ukikimbia huku na huku, kisha akasema anaenda nyumbani. Alitembea. Ni kilomita tatu, kando ya ziwa.

Tuva alimfungulia mlango, akamtazama miguuni.

"Baba, umekuja na viatu hivyo kwa miguu? Ngozi nyembamba hivyo?"

"Wewe ndiye uliyenichagulia."

"Nilijua Roine atakurudisha kwa gari! Keti. Keti hapo hapo. Vua."

Vidole vilikuwa vyeupe kama mshumaa. Tuva alivibonyeza kimoja kimoja.

"Unasikia hapa?"

"Hapana."

"Hapa?"

"Hapana. Imekufa ganzi yote."

"Tangu saa ngapi?"

Torgny akafikiri. "Sijui. Tangu nilipokuwa zuliani, nadhani. Haikuwa inasumbua."

Tuva alileta beseni la maji ya vuguvugu, akapima kwa kiwiko kama mtu anayemwogesha mtoto mchanga, akaiingiza miguu ya baba yake ndani. Kwa muda hapakuwa na kitu. Redio jikoni ilikuwa inasoma habari. Torgny aliiona miguu yake chini ya maji, mikubwa, ya mtu mwingine.

Kisha ikaanza. Mwanzo kama sindano kwenye kidole gumba, moja, mbili. Halafu kama mtu anamimina makaa ndani ya mifupa. Alishika kiti pande zote mbili. Aliuma meno. Mwishowe alipiga ukelele mmoja mkubwa, wa kukwaruza, uliomfanya jirani wa juu asimamishe kifagio chake cha umeme.

"Usiitoe!" Tuva akasema, amemkandamiza magoti. "Vumilia. Ndiyo damu inarudi."

"Inauma, Tuva!"

"Najua inauma."

"Hujui! Inauma vibaya sana!"

"Ndiyo, baba. Najua. Vumilia."

Alikuwa anahema kama aliyekimbia. Jasho lilimtoka kwenye paji. Tuva alikaa sakafuni mbele ya beseni, nguo zimelowa maji, mkono wake juu ya unyayo wa baba yake, hauondoki. Kule jikoni habari ziliisha, wakaanza michezo.

"Zima ile redio," Torgny akasema, meno yameumana. Kisha akasema, "Hapana, subiri. Mechi imekwisha? Tumepata ngapi?"

Tuva alisikiliza kidogo. "Sita kwa mbili."

"Tumeshinda?"

"Mmefungwa."

Torgny alimtazama kama hakusikia vizuri. Kidevu kikaanza kumcheza.

"Sita," akasema. "Na tena kwetu." Akafunika uso kwa viganja vyake vikubwa, akalia.